Kikombe cha Mama Zimua

Kama hujawahi kuamka na kichwa kinagonga utadhani kuna fundi anabomoa ukuta humo ndani, ulimi umekauka, tumbo limegoma, na jua lenyewe unaliona adui yako, basi mshukuru Mungu na ukae kimya. Wanaume wa kiwanda cha mbao walikuwa wanaamka hivyo karibu kila siku, na Jumatatu ndiyo usiseme. Wakiamka hivyo, kabla hawajaitafuta kandambili ya pili, kabla hawajamwomba mke radhi kwa maneno ya jana, mtu wa kwanza waliyemkumbuka alikuwa Mama Zimua.

Jina alilopewa na wazazi wake lilishapotea siku nyingi. Kuzimua, nawaeleza nyinyi msiokunywa, ni kile kitu mnywaji anachokipitisha kooni asubuhi ili pombe ya jana imwachie. Wengi wanazimua kwa pombe juu ya pombe. Mama huyu hakutaka hata kuisikia habari hiyo. Mtu akimjia na kichupa mfukoni anamtimua mbele ya wenzake: "Unazima moto kwa mafuta ya taa? Haya, wafuate wauza mafuta ya taa, hapa kwangu ni maji ya uzima." Na kweli hakuuza tone la kilevi. Alikuwa na meza fupi, majiko mawili ya mkaa na benchi la mbao chakavu, nje ya geti la kiwanda, pale ukuta unapotoa kivuli. Unga wa mbao ulikuwa unapeperuka mpaka ndani ya vikombe, na watu wanakunywa hivyo hivyo.

Alikuwa anakutazama usoni ukiwa bado uko mbali, na ukifika ameshajua. Anayeshika tumbo alipewa tangawizi iliyopondwa na kuchemshwa sana, bila maziwa. Aliyekauka midomo alipewa maji ya ndimu yenye chumvi kiasi na sukari kidogo, na kuambiwa ayanywe taratibu, si kuyagugumia kama ng'ombe. Mwenye kiungulia alipata ukwaju mwepesi. Aliyelala bila kula alipata supu ya mifupa, lakini kwanza anaulizwa.

"Umetapika?"

"Nimetapika, Mama."

"Basi supu iache, utaniaibisha hapa. Anza na ndimu. Supu baadaye, ukiona dunia imetulia."

Kahawa alikuwa nayo pia, ila akiitoa anatoa na maneno yake. Alisema kahawa inaficha usingizi tu, mikono ndiyo inazidi kucheza. Na kitu kimoja alikirudia mpaka watu wakakichoka. "Hakuna kinywaji hapa kinachotoa pombe mwilini," alikuwa akisema. "Pombe inatoka yenyewe kwa wakati wake, kama mgeni asiye na haya. Mimi nakupa tu cha kukuwezesha kukaa naye." Wanacheka, wanakunywa, wanapangusa midomo na kuingia kazini wakijiona wapya.

Haya yote aliyajifunza kwa mumewe. Marehemu alikuwa mwashi, na mwashi hodari, ila alikunywa kama anadaiwa na chupa. Kila asubuhi ya ndoa yao mwanamke huyu aliamka na kazi moja, kumfanya yule mtu asimame wima na ashike bilauri bila kuimwaga, ili aende kujenga. Akijaribu hiki kikatapikwa, anajaribu kile. Tangawizi ilishinda, ndimu na chumvi zikashinda, asali ikashinda siku nyingine na siku nyingine ikashindwa. Akawa bingwa. Mumewe alikuwa anatoka nyumbani amenyooka, majirani wanamsifu, na jioni anarudi amelewa chakari. Mpaka siku macho yalipogeuka manjano na tumbo likavimba, na daktari akatikisa kichwa. Mama Zimua alilia sana msibani. Usije ukadhani alimlilia kwa sababu alikuwa mume mwema. Alimlilia kwa sababu alikuwa wake, na kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba zile dawa zake za asubuhi ndizo zilizompa nguvu ya kwenda kunywa tena jioni. Alijiambia mwenyewe, peke yake, akiosha sufuria.

Watoto wakubwa walioa na kuolewa wakahama, akabaki na wa mwisho, waliyemwita Kitinda. Kitinda alikuwa kijana wa miraba minne, mcheshi, mwenye moyo mwepesi, na koo la baba yake alilirithi lote. Kazi yake ilikuwa kwenye msumeno mkubwa.

Msumeno mkubwa ule ni kitu cha kuheshimu. Ni duara la chuma lenye meno, mtu akisimama nalo linamfika kiunoni, na likizunguka huyaoni meno, unaona ukungu tu na kusikia kelele inayoingia mpaka kwenye mifupa. Linafanyiwa kazi na watu wawili. Mmoja anasukuma gogo kutoka huku, mwingine analipokea kule nyuma, analivuta, na likianza kubana anachomeka kabari kwenye mpasuko ili ufunguke. Kabla hajachomeka kabari, wa nyuma ananyanyua kiganja. Wa mbele akikiona kiganja, anaacha kusukuma papo hapo. Kwa kelele ile huwezi kuita, kwa hiyo kiganja ndiyo lugha yao yote.

Wa mbele alikuwa Kitinda. Wa nyuma alikuwa mtu waliyemwita Soda, kwa sababu baa alikuwa anakwenda na wenzake, anacheka nao, anacheza nao karata, na mkononi ana chupa ya soda mpaka wanatoka. Walimtania mpaka wakachoka. Asubuhi alikuwa anapitia kwa Mama Zimua vile vile, anakunywa chai ya tangawizi kwa utamu wake tu, na mama yule alimpenda kwa hilo. "Wewe peke yako ndiye unayekunywa chai yangu," alimwambia. "Hawa wengine wananywa dawa."

Sasa niwaeleze habari ya kikombe, maana ndiyo kiini cha mambo.

Nyapara wa kiwanda alikuwa mtu mkavu, mfupi, asiyependa maneno. Zamani, kabla ya Kitinda kuajiriwa, kuna mtu aliingia amelewa akajikata vidole, na tangu hapo nyapara akawa anatafuta namna ya kumjua mlevi. Kunusa pumzi hakukufaa, wote walikuwa wananukia tangawizi ya Mama Zimua. Siku moja akaona jamaa anabeba chai kutoka mezani, kikombe kinamtetemeka, chai inamwagikia kwenye sahani. Akapata wazo. Kuanzia hapo kila mtu wa msumeno mkubwa alitakiwa achukue kikombe cha chai kwenye meza ya mama, kikombe cha bati kirefu kilichowekwa juu ya kisahani, kimejaa pomoni, atembee nacho mpaka getini. Nyapara alikaa pale kwenye kigoda. Ukifika unasimama, anatazama kisahani. Kikavu, unakunywa chai yako unaingia. Kina maji, unarudi nyumbani na siku yako imekwenda.

Mtu akiuliza kwa nini nyapara hatazami ndani ya kikombe, jibu ni kwamba alikuwa amekaa chini na wewe umesimama, halafu wa kujaza alikuwa Mama Zimua. Kujaza alimwachia yeye. "Huyu mama hana upendeleo," alisema mbele ya watu wote, "huyu angemjazia pomoni hata mumewe." Watu walicheka. Mama Zimua alicheka pia, ingawa lilimchoma. Na kwa kweli hakupendelea. Alijaza mpaka chai inavimba juu ya ukingo, akakuacha na Mungu wako.

Kitinda alishamwaga. Alimwaga mara ya kwanza akarudishwa, akamwaga tena, na tena, mpaka nyapara akamwita pembeni pamoja na mama yake. Hakupaza sauti. "Mama Zimua, nakuheshimu. Huyu akimwaga mara nyingine moja, asirudi tena, si kwa siku hiyo tu. Nimemaliza."

Wakati huo mkewe Kitinda alikuwa kwao. Alibeba mtoto akaondoka, akasema atarudi akisikia kwamba mwanaume ameshika kazi na kazi imemshika. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusimama dede, na Mama Zimua alimkumbuka mjukuu yule mpaka usingizini. Kitanda kidogo alikisukuma ukutani, akakifunika shuka ili asikione, ikawa shuka ndiyo inayomkumbusha.

Na kijana alijikaza, lazima niseme haki. Alikaa muda mzuri bila kugusa kitu. Alirudi jioni mapema, akapasua kuni, akaziba paa linalovuja. Kikombe alikuwa anakipeleka getini kama amebeba yai, kisahani kikavu, na Soda nyuma yake anampigia makofi kidogo kidogo. Habari zikafika ukweni. Siku moja mkewe akatuma ujumbe kwamba Jumamosi anakuja, na mtoto.

Basi huyu mpumbavu, samahani lakini nitamwita hivyo, kwa furaha ile ile akaenda kusherehekea.

Asubuhi yake aliamka akiwa hajiwezi. Macho mekundu, mikono inacheza yenyewe, jasho jembamba usoni. Mama Zimua alimsimamia kichwani na mwiko mkononi, na maneno yaliyomtoka siwezi kuyaandika yote hapa.

"Jumamosi! Mtoto anakuja Jumamosi! Ungesubiri Jumamosi uniue mbele yake?"

"Mama, ni glasi mbili tu."

"Glasi mbili! Glasi mbili ndiyo zimekuvua viatu ukalala umevaa ndoo?" Maana ndivyo alivyomkuta, mguu mmoja ndani ya ndoo.

"Leo nikae nyumbani, basi. Niseme naumwa."

Hapo ndipo mama yule alipokosea, na tupaone vizuri. Angesema kaa. Lakini nyapara alishatangaza pia kwamba mtu wa msumeno mkubwa asiyetokea bila taarifa amejifukuza, na taarifa ilitakiwa itolewe jana yake. Akaona mlango mmoja umefungwa na mwingine unafungwa. Akamwambia, "Hukai popote. Oga."

Akamtengenezea kinywaji ambacho hakuwahi kumtengenezea mtu tangu mumewe afe. Maji ya ndimu kwanza, kidogo kidogo, mpaka tumbo likakubali. Kisha tangawizi nzito yenye asali. Kisha uji mwepesi, kisha supu kijiko baada ya kijiko, akimlisha kwa mkono wake kama mtoto. Na kijana akarudi duniani. Rangi ilirudi usoni, akatabasamu, akasema, "Mama, wewe ni mganga. Niko fiti." Mama akamshika mikono akaitazama. Ilikuwa imepunguza kucheza, haikuwa imeacha. Yeye aliyewaambia watu maisha yake yote kwamba hakuna kinywaji kinachotoa pombe mwilini, siku hiyo aliamua kutokumbuka.

Foleni mezani ilikuwa fupi. Kitinda akaja, Soda nyuma yake akisalimia watu. Mama Zimua akashika birika. Ndani ya kile kikombe kirefu kulikuwa na doa jeusi, mahali rangi ilipobanduka, upana wa vidole viwili chini ya ukingo. Chai ilipofika kwenye doa, mkono wake ukasimama. Akaweka birika chini.

Kitinda alitazama ndani ya kikombe, akamtazama mama yake. Akabeba, akaenda, mkono unatetemeka na chai inapanda na kushuka humo ndani bila kufika juu. Nyapara akatazama kisahani. Kilikuwa kikavu kama jangwa. "Ingia," akasema, na kwa mara ya kwanza akampiga begani kwa upole. "Hongera kijana."

Soda alijaziwa pomoni. Hakumwaga hata tone.

Jua lilikuwa limepanda, msumeno ulipobadilisha sauti. Watu wanaokaa jirani na kiwanda wanaijua sauti ile ikila mbao, na wanajua ikila kitu kingine. Mama Zimua alikuwa anaosha vikombe. Alisimama na kikombe mkononi, akasema, "Mwanangu!" Akakimbilia getini, mlinzi akamzuia, naye akamsukuma mlinzi akapita. Ndani ya banda watu walikuwa wamezunguka. Kitinda alikuwa amesimama, mzima, mikono yote miwili iko kichwani, mdomo wazi. Mama alimwona, na moyo ukamtulia. Naomba mlikumbuke hilo, kwamba moyo ulimtulia kabisa, akasema alhamdulillahi kwa sauti, kabla hajatazama chini na kumwona Soda amekaa kwenye unga wa mbao uliogeuka mwekundu, anautazama mkono wake wa kulia usiokuwepo tena kuanzia juu ya kifundo.

Uchunguzi haukuchukua muda. Mwenye kiwanda alikuja na gari lake, akauliza nani alikuwa amelewa. Nyapara akajibu kwamba hakuna, wote wawili walipita kwenye kikombe, yeye mwenyewe aliona kisahani. Kitinda alipoulizwa alisema hakuona kiganja. Basi ikaamuliwa kwamba Soda alipeleka kabari bila kunyanyua kiganja, uzembe wake mwenyewe, na kiwanda kinampa pole. Mkewe Soda akapeleka nguo safi hospitalini, na maneno hayo akayabeba pamoja na nguo.

Mama Zimua alikwenda kumwona akiwa na chupa ya supu. Alimkuta amelala chali, bendeji kubwa juu ya mto, mkewe pembeni anamfukuzia nzi. Yule mke alimpokea kama mzazi, akampisha kiti, akamshika mkono. "Asante Mama kwa kuja. Watu wengine hata hawajatokea." Akatoka kwenda kutafuta maji.

Mama akafungua chupa, akamnywesha supu kwa kijiko. Soda alikunywa kidogo, akageuza uso.

"Mama, kitu kimoja kinanitesa kuliko huu mkono. Sikumbuki. Nakumbuka gogo linabana, nakumbuka nimeshika kabari. Kiganja, kama nilinyanyua au sikunyanyua, sikumbuki. Nikifumba macho naona nimenyanyua. Lakini labda najidanganya ili nipate raha."

"Pumzika, mwanangu. Usijiumize."

"Hapana, nisikilize. Kila siku nanyanyua. Sasa nawaza, kama nilinyanyua, mwenzangu angeona. Isipokuwa awe na pombe kichwani. Siku ile nilihisi kama macho yake mekundu, nikajiambia ni vumbi." Akamtazama usoni, kwa adabu, akiona haya kuuliza. "Kikombe chake kilijaa, Mama?"

Kijiko kilikuwa mkononi. Mama Zimua aliona akilini kile kitanda kidogo chenye shuka, akaona Jumamosi.

"Kilijaa," akasema.

Soda akashusha pumzi ndefu. "Basi ni mimi," akasema. "Nimejikata mwenyewe. Nilikuwa na mkono mzima, na akili timamu, na sikunyanyua kiganja. Mke wangu nitamwambia nini?"

Mama Zimua akampangusa mdomo kwa ncha ya khanga, akafunga chupa, akaiacha dirishani, akatoka. Kwenye ngazi za hospitali akakaa, watu wakampita.

Nyumbani alimkuta Kitinda ndani, mlango umefungwa mchana kweupe. Hakuwa amelewa. Tangu siku ile hakugusa, wala hakula.

"Nieleze," mama akasema. "Usinieleze ulichomweleza tajiri. Alinyanyua?"

"Alinyanyua. Nilikiona kiganja, Mama, nilikiona vizuri kabisa. Nikajiambia acha kusukuma, na mwili ukawa bado unasukuma. Ulichelewa kunisikia." Akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima yule. "Usiseme, Mama. Watanifunga. Mtoto anakuja kesho kutwa. Mama, wewe ndiye uliyejaza."

"Najua nani alijaza," akasema mama yake. Hakumgombeza. Alikaa naye sakafuni mpaka akanyamaza, akamshika kichwa mapajani kama zamani, na hakumwambia atafanya nini, kwa sababu alikuwa bado hajajiambia mwenyewe.

Kulipokucha aliwasha jiko kama kawaida. Wateja walikuja wameshika vichwa, na safari hii aliwapa bila utani, mpaka mmoja akauliza kama anaumwa. Nyapara alifika, akakaa kwenye kigoda chake. Mama Zimua akachukua kile kikombe kirefu, akamimina chai mpaka kwenye doa jeusi, akakiweka juu ya kisahani, akakibeba mwenyewe. Mikono yake ilitetemeka kuliko ya mlevi yeyote aliyewahi kupita pale. Watu wakaacha kunywa wakamtazama. Alifika, akasimama mbele ya nyapara.

"Kisahani kikoje?" akauliza.

"Kikavu," nyapara akasema, hajaelewa.

"Na mikono yangu?"

Nyapara aliitazama. Akanyanyuka kwenye kigoda, sijui kama aliwahi kufanya hivyo tangu aanze kazi ile, akachungulia ndani ya kikombe.

"Hivyo ndivyo nilivyomjazia mwanangu siku ile," Mama Zimua akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi. "Alikuwa amelewa, nikamzimua, nikampunja chai ili apite. Soda alinyanyua kiganja. Mwandikie hivyo tajiri wako."

Hakuna aliyemtukana, na angefurahi kama wangemtukana. Watu waliweka vikombe mezani kimoja kimoja, vingine havijaisha, wakaingia ndani. Nyapara alishika kile kikombe kwa mikono miwili na kukitazama muda mrefu. "Nilikuamini wewe kuliko macho yangu," akasema, akakimwaga chini, akamrudishia. Mchana mlinzi alitoka akamwambia ahamishe meza. Polisi walikuja kumchukua Kitinda nyumbani kabla ya jioni, naye alitoka mwenyewe, hakukimbia, na alipompita mama yake mlangoni hakumtazama. Jumamosi ilifika na hakuna aliyekuja.

Lakini kabla ya hayo yote, Mama Zimua alipotoka tu getini asubuhi ile, alikwenda hospitali moja kwa moja, kikombe kitupu mkononi, hata hakukumbuka kukiacha. Mke wa Soda alikuwa anamfunga mumewe vifungo vya shati. Mama Zimua hakukaa kwenye kiti. Alisema yote akiwa amesimama, akaonyesha doa kwa kidole, akasema Soda alinyanyua kiganja, Kitinda ameungama kwamba alinyanyua.

Mke aliacha vifungo. Aliinuka, akaichukua ile chupa ya supu ya jana iliyokuwa dirishani, akaimwaga yote kwenye sinki, akaisuuza, tena akaisuuza, akaifunga vizuri na kuiweka mikononi mwa mama yule. "Usije tena hapa," akasema. Hakumwita Mama.

Mama Zimua alisubiri matusi ya Soda. Alikuja kwa ajili ya hayo, alikuwa tayari kuyapokea yote, na akimtemea mate angepangusa na kushukuru. Soda hakumtazama. Alikuwa ametazama dari, na uso wake mgumu wa siku zile ukaanza kulegea, midomo ikamcheza, machozi yakamtoka pembeni ya macho yakaingia masikioni. Akanyanyua mkono wake wa kushoto, kiganja kikawa wazi hewani, akakitazama.

"Kumbe nilinyanyua," akamwambia mkewe, na alikuwa anacheka huku analia. "Umesikia? Si mimi. Nilinyanyua."